Nilivyotoka kwenye rambo nikaingia mifuko mbadala, na nilichojifunza kuhusu serikali kwenye biashara

Watu wakiongelea serikali na biashara hapa Bongo asilimia kubwa wanaongelea kodi tu. TRA kafanya hivi, mgambo kabeba mzigo, leseni imepanda. Mimi nimeuza mifuko Dar toka enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki, mpaka leo, na kwa nilichokiona kodi ni kipande kidogo sana cha hii habari. Tangazo moja bungeni liliua biashara iliyokua inanilisha na wanangu, alafu tangazo hilohilo likazaa biashara nyingine ambayo ndo naishi nayo sasa hivi, na kwenye yote hayo serikali haikunipa mia wala haikunidai mia. Ilisema neno tu. Kwahiyo nikisikia mtu anasema serikali ikae mbali na biashara, au mwingine anasema serikali itusaidie wajasiriamali, huwa najiuliza hawa wanaongelea serikali ipi, maana mimi nimekutana nazo kama tano hivi na hazifanani.

Kwa wadogo zangu ambao 2019 mlikua shule, rambo ilikua kila mahali. Kulikua na ile nyeusi ya samaki na nyama, kuna malboro yenye mikono ya kubebea ambayo maduka ya nguo yaliipenda, kuna ndogo za vitumbua na sukari ya robo. Ukinunua nyanya za mia tano unapewa mfuko bure, ukisahau kupewa unadai. Sisi wa jumla pale Kariakoo tulikua tunavuta mzigo viwandani na mwingine unaingia mipakani, tunauza kwa bando, faida ndogo ila mzunguko wake ulikua haulali. Mitaro nayo ilikua imejaa mifuko hiyohiyo, mvua ikinyesha Jangwani panafurika na kila mtu anajua mfuko uko humo, lakini nani aache kuuza?

Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Majaliwa akasimama bungeni Dodoma akasema mwisho wa mifuko ya plastiki ni Mei 31, kuanzia Juni 1 hamna kutengeneza, kuingiza, kuuza wala kutumia. Hata miezi miwili haifiki. Mtaani watu walicheka kwakweli, na walikua na sababu. Mwaka 2006 serikali ilishakataza mifuko ile myembamba na tukaendelea kuiuza mchana kweupe kwa miaka na miaka. Sasa mtu ambae ameshasikia katazo likapita kama upepo, ukimwambia kuna katazo lingine anapiga hesabu kutokana na lile la kwanza. Wengine waliongeza mzigo kabisa, wakasema bei itapanda kidogo kwa wasiwasi alafu mambo yatarudi kawaida.

Aliyenitoa mimi kwenye huo mkumbo ni mzee mmoja Mpemba tuliyekua tumepakana fremu. Yeye wiki ileile ya tangazo alianza kutoa mzigo kwa bei ya hasara, watu wanamshangaa. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamuuliza mzee vipi mbona unaharibu bei? Akaniambia, "Mwanangu, kwetu visiwani hii mifuko ilikwishapigwa marufuku zamani na watu wanaishi. Wanyarwanda wameiondoa 2008, Wakenya 2017. Ukiona jambo limefanyika Unguja, limefanyika Kigali, limefanyika Nairobi, ya nini kungoja wewe usomewe Dodoma?" Hiyo kauli nimeiweka kichwani mpaka kesho. Sheria za biashara ukanda huu zinatembea, zinaanzia kwa jirani. Sasa hivi mimi nafuatilia matangazo ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kuliko hata yanavyofuatiliwa na Wakenya wenyewe.

Nilitoa mzigo wangu kwa hasara, nikabaki na chenji ya mtaji. Ilipofika Juni mosi kweli ikawa kweli. Kanuni zikatoka na adhabu zake, ukikutwa umebeba tu faini kuanzia elfu 30 mpaka laki 2 au siku 7 ndani, mtengenezaji na muingizaji kuanzia milioni 20 mpaka bilioni moja. Hata wageni wanaoshuka uwanja wa ndege waliambiwa waache mifuko hapohapo. Waliobaki na shehena wakaambiwa wasalimishe, na najua watu walisalimisha mtaji mzima, mtu anakabidhi mabando yake anarudi nyumbani mikono mitupu. Sijawahi kusikia mfanyabiashara mdogo aliyefidiwa. Nakubali kabisa katazo lilikua sahihi, mitaro ya mtaani kwetu inaongea yenyewe, ila muda ulikua mfupi mno na maumivu hayakugawanywa sawa, kiwanda kina mashine inayoweza kufinyanga ndoo au kiti kesho yake, muuzaji wa bando hana cha kufinyanga.

Alafu likaja lile ambalo hakuna kitabu cha biashara kiliniambia. Watu milioni na milioni wanaendelea kununua nyanya, dagaa, nguo, mikate, na hakuna cha kubebea. Yaani soko la nchi nzima limezaliwa usiku mmoja na bidhaa haipo. Wiki za mwanzo ilikua ni shida tupu, watu wamerudi kwenye vikapu vya ukindu vya bibi zao, buchani nyama inafungwa kwenye magazeti, wamama wamekunja khanga. Mimi nilikua na cherehani mbili za zamani nyumbani, nikaenda Kariakoo nikanunua jora la kile kitambaa ambacho sio kitambaa, wenyewe mnakijua, kile cha mifuko mbadala iliyoruhusiwa badala ya rambo, nikamuita binti wa jirani aliyemaliza ufundi VETA tukaanza kukata na kushona. Pande mbili unashona, juu unakunja, unaweka mikono, basi. Tulikua tunauza mfuko mia tano na mteja anashukuru! Kila nyumba yenye cherehani mtaani kwetu ilikua inashona, mafundi suruali waliacha suruali. Ile miezi michache ndo kipindi nimewahi kuona wanawake wengi wa mtaa mmoja wana hela kwa wakati mmoja.

Haikudumu. Kontena zilianza kushuka. Kumbe wenye macho, wale waliolisoma tangazo siku ileile, walishaagiza mashine China, ile inayobana kitambaa kwa mtetemo bila sindano wala uzi, inatema mifuko mfululizo we umekaa unahesabu tu. Bei ikatoka mia tano ikaja mia tatu, ikaja mia na hamsini. Cherehani haiwezi kushindana na hiyo kitu, hata ukishona bila kujilipa mshahara. Mafundi suruali wakarudi kwenye suruali.

Ile ya tangazo ndo ilikua serikali ya kwanza. Hapa sasa ndo nilikutana na serikali ya pili, ya vipimo. Viwango vya TBS, shirika la viwango, vilisema mfuko mbadala uwe na uzito usiopungua GSM 70, maana yake kitambaa cha mita moja kwa mita moja kiwe na gramu 70, na kwenye mfuko kuandikwe jina na mawasiliano ya aliyetengeneza. Mitaani ilikua imejaa mifuko ya gramu 40 mpaka 50, unabeba kilo mbili za viazi mkono unabaki na mikono ya mfuko tu viazi viko chini. Na tusidanganyane, hicho kitambaa ni plastiki ile ile, ni polipropilini, kinachokitofautisha na rambo ni kwamba kikiwa kizito unakitumia mara nyingi. Kikiwa chepesi kinatupwa baada ya siku moja kama rambo, na ndo maana Kenya 2019 NEMA ilitangaza kuvikataza na vyenyewe baada ya miaka miwili tu ya kuvitumia. Nilipoona ile taarifa ya Kenya nikasema hii inakuja.

Na ilikuja. NEMC, wale wa mazingira wa kwetu, na TBS wakatoa muda, wakasema mwisho wa mifuko mbadala isiyofikia kiwango ni Januari 2021. Mwenye jora Kariakoo anakuambia hii ni sabini dada, na lebo ameibandika, ukimuuliza cheti anakuangalia kama umemtukana. Binti yangu wa cherehani ndo aligundua njia. Unakata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, hiyo ni robo ya mita moja ya mraba, unakiweka kwenye mzani mdogo wa watu wa keki. Kikiwa cha sabini kweli lazima kisome gramu kumi na saba na nusu. Kikisoma kumi na mbili huyo ni hamsini kasoro, mrudishie. Nilianza kutembea na mzani kwenye pochi na mkasi, wauzaji wakaniita mama mizani, ila wakaacha kunipa takataka. Wadau mnaonunua malighafi yoyote inayouzwa kwa kipimo, tafuteni namna yenu ya kupima, msisubiri afisa aje apime wakati mzigo umeshakua wako.

Nikwambie ukweli, kile kiwango tulikilalamikia sana kwenye vikao vya wajasiriamali, tukasema ni cha kuwabeba wakubwa. Kwangu kilifanya kinyume. Mifuko mepesi ya mashine ilipoanza kukamatwa bei ikapanda tena kidogo, na kwenye bei hiyo cherehani ikapumua, sio kwa mifuko ya sokoni tena, ile niliwaachia wenye mashine, bali kwa mifuko mizito ya oda, ya maharusi, ya maduka ya nguo, ya semina. Na lile sharti la kuandika jina na mawasiliano nililiona ni usumbufu na gharama ya kuprinti, mpaka simu zikaanza kuita. Mtu yuko Morogoro, kapewa mfuko kwenye harusi Dar, namba iko kwenye mfuko, anataka mifuko mia tatu ya kipaimara cha mtoto. Tangazo la bure, na limeandikwa kwa amri ya serikali! Sikuwahi kulipia tangazo toka hapo.

Lakini kiwango bila msimamizi hakina kazi. Wakati tunakimbizana na gramu, sokoni kulikua kumeingia kitu kingine, vile vifungashio, nailoni laini za kung'aa zisizo na mikono ambazo kisheria ziliruhusiwa kufungia bidhaa toka kiwandani. Watu wakaanza kubebea. Nyanya kwenye kifungashio, mkaa kwenye kifungashio, chips kwenye kifungashio. Bei yake mimi siwezi kuifikia hata nikiiba kitambaa. Aprili 2021 ikawekwa tarehe nyingine ya mwisho kwa vifungashio visivyokidhi, kukawa na msako, kukatulia, vikarudi. Nenda soko lolote la jioni leo utavikuta. Kila msako ukipoa na mimi oda za wauza matunda zinapoa, ukipamba moto zinarudi, yaani mauzo yangu unaweza kuyachora ukaona kabisa ni lini maafisa walikua barabarani. Hapo ndo nilielewa kwanini wawekezaji wanaulizia sana habari ya sera kutobadilika. Mtu huwezi kununua mashine ya mamilioni kwa soko linalotegemea afisa ameamkaje.

Serikali ya tatu ni ya mikopo, na hii nitaipitia haraka kwasababu haikubadilisha sana maisha yangu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, na toka 2018 haina riba. Kikundi chetu kiliomba, tukazungushwa kwenye ofisi moja mpaka viatu vikaisha, tukapata wakati msimu umeshapita. Tulirejesha yote. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, ikarudi 2024. Hela isiyo na riba ni nzuri, hasa ukilinganisha na kausha damu za mtaani, ila mimi ukiniuliza nichague kati ya milioni tano za mkopo na uhakika kwamba vifungashio haviko sokoni mwaka mzima, nachagua uhakika hata usiku wa manane. Mkopo bila soko unageuka deni tu.

Vile vitambulisho vya wajasiriamali vya elfu 20 vilivyotoka mwisho wa 2018, kwa walio chini ya mauzo ya milioni 4 kwa mwaka, navyo vilisaidia wengi wa mtaani wasisumbuliwe na ushuru wa kila siku. Ila kuna jambo lilikua linanishangaza, wenzangu walikua wanaogopa kukua. Ukivuka ile milioni 4 unaingia kwenye makadirio ya kodi, leseni na mengine, kwahiyo mtu anaona bora abaki palepale.

Serikali ya nne, ya viwanda na misitu, sikuitegemea kabisa, na ndo ninayoipenda kuieleza maana wengi hawaijui. Baadae niliongeza mifuko ya khaki, ya karatasi, kwa ajili ya mikate, unga wa lishe na dawa. Nikawa nauliza hii karatasi inatoka wapi, nyingine inatoka nje, lakini kuna ya kwetu inatoka Mgololo, Mufindi kule. Nikaingia kusoma. Kile kiwanda kilijengwa na serikali, Southern Paper Mills, kikaanza kazi miaka ya 80, enzi za mashirika ya umma. Kilikua kinasimangwa sana, hasara, madeni, kikasuasua mpaka kikasimama, kikabinafsishwa miaka ya 2000 kikawa Mufindi Paper Mills. Ukisoma magazeti ya zamani utaona kiwanda kimetajwa kama mfano wa serikali kutojua biashara. Na msitu unaokilisha ni Sao Hill, msitu wa serikali, hekta zaidi ya 130,000, misindano iliyopandwa kwa wingi miaka ya 70 na watu ambao walijua kabisa mti huo unavunwa baada ya miaka 20 na zaidi. Hakuna mtu binafsi wa wakati ule nchini kwetu angepanda miti kwa kiasi hicho akasubiri.

Sasa jiulizeni, mwaka 2019 serikali inakataza plastiki na watu wanahitaji karatasi, karatasi ya ndani ipo kwasababu kuna serikali nyingine miaka arobaini nyuma ilipanda misindano na kujenga kiwanda ambacho kilikuja kuonekana ni hasara. Hasara kwa nani? Mimi na wanawake ninaofanya nao kazi tunakula kutokana na hiyo hasara. Sisemi kila shirika la umma lililokufa lilikua na maana, mengine yalikua ni ajira za ndugu tu tuseme ukweli, ila hesabu ya mambo haya haifungwi baada ya miaka mitano. Hata yule Mpemba nilipomsimulia alinyamaza kidogo akasema, "Basi kumbe Mwalimu alikuwa muuza mifuko." Tulicheka sana.

Siku hizi ninachohangaika nacho ni serikali ya tano, serikali kama mteja. Sheria ya manunuzi toka marekebisho ya 2016 inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Zahanati na hospitali zinatumia bahasha ndogo za khaki za kuwekea vidonge kila siku ya Mungu, semina za serikali zinagawa mifuko, mashule. Toka 2023 zabuni zote zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, kikundi chetu kimesajiliwa humo, binti ndo anajua kubofya mimi nasoma tu. Faida yake ni kwamba naiona zabuni ya Kigoma nikiwa Dar bila kumjua mtu. Shida imebaki malipo. Umepeleka mzigo, umepokelewa, umesainiwa, alafu unasubiri, na huku muuza karatasi anataka cash. Kuna taasisi moja ilitulipa vizuri mpaka nikashtuka, kuna nyingine tuliacha hata kuulizia. Kikundi chenye mtaji mdogo kinaweza kushinda zabuni na ushindi huohuo ukakiua.

Kwahiyo kwa anayetaka kuingia kwenye vifungashio vya karatasi leo, na huwa mnaniuliza sana inbox, nakuambia hivi. Mashine ya karatasi ya kuanzia usinunue kabla hujapata wateja watatu wa kudumu wasio wa serikali, wa mikate ni wazuri wanachukua kila siku. Malighafi fuatilia bei ya Mgololo na ya kutoka nje kwa pamoja maana hotuba ya bajeti ya Juni inaweza kugusa ushuru wa karatasi ukajikuta uko upande usio wako. Zabuni za NeST chukua zile ambazo ukikaa miezi mitatu bila kulipwa bado unalala. Na mzani wa keki uwe nao, unauzwa Kariakoo, chagua wa betri unaosoma nusu gramu, ile ya mshale inadanganya.